Kereza, Pamba, Tamba! Vidokezo 13 vya Vyombo vya Mbao Kutoka Bonde la Ufa

Mikono inakuwasha, sivyo? Ulimwona fundi akikereza mguu wa kitanda, maranda yakiruka huku na huku, na gogo lisilo na sura likawa duara laini mbele ya macho yako. Tangu siku hiyo kila kuni unayoiona unaiwazia bakuli. Karibu sana! Umeingia kwenye ufundi wa kale. Huko Misri, ndani ya kaburi la Petosiris, kuna mchoro wa miaka ipatayo 2,300 unaoonyesha watu wawili wakikereza. Na hapa kwetu, vitanda vya kale vya Lamu vilisimama kwa miguu iliyokerezwa kwa ustadi.

Habari njema kwako wewe wa Nakuru, Njoro, Molo, Gilgil, Naivasha au Marigat: huhitaji kuagiza mbao za kifahari wala mapambo ya ng'ambo. Bonde hili lina miti, shaba, shanga, nta na hata chai ya kutia rangi. Kazi yako ni kuvikutanisha katika chombo kimoja. Una shughuli nyingi, najua, kwa hiyo tusizungushane. Twende!

1. Mbao bora iko kwa jirani

Kabla ya kufungua pochi, tembea mtaani. Mvua ikiangusha tawi nene la mjakaranda, wengine wanaona kero, wewe unaona mabakuli manne. Mjakaranda ni mweupe, ni laini, na unamvumilia mwanafunzi. Ndiyo maana wachongaji wengi wa Kenya wanautumia. Mgrevilea, ule mukima unaopandwa mipakani mwa mashamba, una madoa yanayometameta ukiukata vizuri. Vumbi lake huwasha ngozi za baadhi ya watu, basi nawa mikono ukimaliza. Mparachichi uliozeeka? Chukua. Na hazina ya siri ni nguzo kuukuu za ua za mtarakwa ambazo mkulima amezing'oa. Harufu yake pekee itakulipa! Pitisha sumaku kwanza kutafuta misumari iliyojificha, maana patasi na msumari hawapatani.

Ukataji katika misitu ya umma ulisitishwa Februari 2018, na ilikuwa Julai 2023, mjini Molo, Rais Ruto alipotangaza kwamba marufuku hiyo imeondolewa. Mkereza bakuli hana haja ya kungoja matangazo ya aina hiyo, kwa sababu miti ya shambani inamtosha. Omba ruhusa kwa mwenye mti, na kabla ya kusafirisha magogo ulizia kibali katika ofisi ya misitu.

2. Mathenge naye ana kipaji

Mti wa mathenge uliletwa Baringo mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili upambane na jangwa na utoe kuni. Ulifika, ukapapenda, ukakataa kutoka! Ulifunga malisho kuzunguka Marigat, miiba yake ikatoboa magurudumu, na maganda yake matamu yakaozesha meno ya mbuzi. Mwaka 2006 jamii ya Ilchamus iliishtaki serikali, na miongoni mwa ushahidi wao alikuwamo mbuzi kibogoyo.

Sasa sikiliza upande wa pili wa kesi. Mbao za mathenge ni ngumu, nzito, zenye kiini cha rangi ya kahawia inayoelekea wekundu, na zikikauka hupungua kidogo sana. Kule Texas, Marekani, mti wa jamii hiyo hiyo unaoitwa mesquite unapendwa mno na wakereza bakuli. Kwa hiyo ukipata shina lenye upana wa sentimita 15 au zaidi, usiliache liende tanuri la mkaa! Ondoa sehemu ya nje yenye rangi ya manjano, kwa kuwa wadudu wanaipenda sana, halafu kereza kiini. Utapata chombo kigumu, na malisho yatapumua kidogo.

3. Moja kwa kumi, halafu subiri

Samaki mkunje angali mbichi, na gogo vilevile. Mti mbichi hukatika kwa urahisi ajabu, lakini bakuli jembamba la mti mbichi linaweza kupinda na kupasuka usiku mmoja. Siri ni kukereza mara mbili. Mara ya kwanza, acha ukuta uwe mnene kwa moja ya kumi ya upana wa bakuli. Bakuli la sentimita 20? Ukuta wa sentimita 2. Paka nta au gundi nyeupe ya mbao sehemu zinazoonyesha vinyweleo vya mti, zika bakuli ndani ya maranda yake yenyewe kwenye mfuko wa karatasi au gunia, kisha liweke kivulini. Usitumie plastiki, kwa sababu inafungia unyevu na kualika ukungu. Isitoshe, mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini Agosti 2017!

Utajuaje limekauka? Lipime kila wiki kwa mizani ya jikoni, kama mtoto anavyopimwa kliniki, ila hapa unafurahi uzito ukishuka. Andika namba kwa penseli kwenye kitako. Uzito ukikoma kushuka, rudi mashineni ukamalize kazi. Jambo moja la kukumbuka: chombo kilichokaukia kwenye baridi na ukungu wa Molo bado kina unyevu mwingi kwa joto la Marigat. Kama mteja wako yuko huko chini, ongeza muda wa kungoja.

4. Kasi ina hesabu yake

Je, mashine izunguke mara ngapi? Gawanya 15,000 kwa upana wa mbao katika sentimita, na utapata kasi nzuri ya kuanzia. Gawanya 22,000, na utapata kasi ya kutovuka. Mbao ya sentimita 20 inahitaji kati ya mizunguko 750 na 1,100 kwa dakika. Gogo ambalo bado halijawa duara lianzie chini zaidi ya hapo, mpaka mtetemeko uishe.

Mashine yako imeundwa na mafundi wa jua kali? Safi kabisa! Mota nyingi za umeme wetu huzunguka karibu mara 1,440 kwa dakika. Funga puli ya sentimita 5 kwenye mota na ya sentimita 10 kwenye mashine, utapata 720. Badilisha puli, umebadilisha kasi. Na kabla ya kubonyeza swichi: vaa kinga ya uso nzima, funga nywele, kunja mikono ya shati, vua glavu, weka kando nyaya za simu masikioni, na usisimame usawa wa mbao inapoanza kuzunguka. Haya yote yanachukua dakika moja tu, na macho yako yana thamani kuliko bakuli lolote.

5. Noa leo, pumzika kesho

Huu hapa ushindi wa haraka kuliko yote: patasi kali inapunguza kazi ya msasa kwa kiasi kikubwa. Kabla ya mkato wa mwisho, simamisha mashine, noa patasi yako ya mfereji, kisha pitisha mkato mwembamba, polepole, bila kusukuma. Maranda yakitoka marefu na kujikunja, uko sawa. Ukiona vumbi tu, rudi kwenye jiwe la kunolea.

Kisha msasa kwa mpangilio: namba 120, 180, 240, 320. Usiruke hata moja, kwa sababu mikwaruzo ya 120 haiondolewi na 320, inang'arishwa tu ionekane vizuri zaidi! Kila unapobadilisha namba, simamisha mashine na usugue kwa mkono ukifuata nyuzi za mti. Unataka mng'ao wa mwisho wa hali ya juu? Bonde letu lina unga mweupe wa dayatomaiti, unaochimbwa Kariandusi karibu na Gilgil. Ni mabaki ya mimea midogo mno iliyoishi ziwani zamani, na hutumika pia kung'arishia vyuma. Changanya kidogo na mafuta, paka kwa kitambaa, sugua. Utumie ukiwa umelowa hivyo hivyo na uvae barakoa, maana vumbi lake kavu halifai mapafuni.

6. Umbo kwanza, pambo baadaye

Wahenga walishatuonya: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mapambo hayafichi umbo baya. Yanaliangazia! Kwa hiyo, kabla ya kufikiria shanga wala moto, hakikisha mkunjo wa chombo chako unateleza kutoka mdomoni hadi kitakoni bila kona ya ghafla. Fumba macho, pitisha kiganja nje ya bakuli. Mkono utagundua kibonde ambacho jicho limekipita.

Kipimo cha haraka: kitako chenye upana wa thuluthi moja ya mdomo huliinua bakuli na kulipa wepesi. Kitako kipana huliketisha zito. Mbinu nyingine? Weka chombo mbele ya dirisha lenye mwanga, piga picha kwa simu, kisha itazame kama kivuli cheusi. Hapo rangi na nyuzi za mti hazikudanganyi tena. Na ukikosa wazo la umbo, tembelea soko ukaangalie vibuyu na vyungu. Walioviumba walikuwa na miaka mingi ya kufikiri kabla yetu.

Kanuni ya kubandika ukutani mwa karakana: chombo kimoja, pambo moja kuu. Chagua moto, au shaba, au shanga. Ukiyarundika yote pamoja, jicho halitajua litue wapi.

7. Mistari ya moto kwa sekunde kumi

Hili utalipenda! Chukua uzi mmoja wa chuma kutoka kwenye kebo kuukuu ya breki ya baiskeli. Funga kila ncha kwenye kijiti kigumu ili upate vishikio viwili. Mashine ikizunguka, chora mfereji mdogo kwa ncha kali ya patasi. Kisha bonyeza waya ndani ya mfereji kwa kasi ya juu inayoruhusiwa na hesabu ya kidokezo cha 4. Moshi unaanza, harufu inapanda, na sekunde chache baadaye una mstari mweusi mwembamba, ulionyooka kabisa.

Kamwe usiuzungushe waya vidoleni. Vishikio ndivyo vinavyokulinda, kwa sababu waya ukinaswa unaweza kuuachia mara moja. Usitumie waya wa shaba kwa kazi hii, maana unatawanya joto. Na pale ambapo waya haufiki, kwa mfano ndani ya sahani bapa, bonyeza ukingo wa kipande cha fomaika. Mistari miwili iliyokaribiana chini ya mdomo, na mmoja juu ya kitako, inatosha kubadilisha bakuli la kawaida likawa la kuulizwa bei.

8. Usipoziba ufa… zibia kwa shaba!

Ufa umejitokeza? Usitupe chombo! Nenda kwa fundi wa kuchonga funguo pale mtaani. Chini ya mashine yake kuna vumbi la manjano linalong'aa, ambalo yeye hulifagia kila jioni. Mwombe akuwekee kwenye kikopo. Pitisha sumaku ili uondoe chembe za chuma, na utabaki na unga safi wa shaba ya manjano.

Jaza unga huo kwenye ufa kwa kijiti cha meno, ubonyeze ushikane, kisha dondoshea supaglu nyepesi tone kwa tone. Fungua madirisha, maana mvuke wake unachoma macho. Acha ikauke vizuri, rudia mpaka ufa ujae na kuzidi kidogo, halafu piga msasa taratibu, kwa sababu shaba hupata moto haraka. Ufa uliokuwa ukikunyima usingizi sasa ni mto wa dhahabu katikati ya mti mweupe. Huna unga wa funguo? Masimbi ya kahawa yaliyokaushwa sawasawa yanatoa mstari mweusi wa kuvutia. Vyombo vya namna hii viwe vya mapambo, matunda yasiyomenywa au funguo za nyumba, si vya supu. Na ufa ukiwa umepenya hadi upande wa pili, usikiweke tena chombo hicho mashineni. Usalama kwanza.

9. Shaba nyekundu, urithi wa Ukambani

Viti vya zamani vya Wakamba vimehifadhiwa katika makumbusho mbalimbali duniani, na vingi vina jambo moja la kushangaza. Juu ya kikalio, fundi alipachika waya wa chuma na wa shaba, akiukunja duara ndani ya duara hadi mti ukang'aa. Kama alivyofanya yeye kwa kisu na nyundo, nawe unaweza, tena una mashine!

Pata masalio ya kebo ya taa kutoka kwa fundi umeme. Waya mmoja mzima wa kebo ya namba 1.5 una unene wa karibu milimita 1.4. Kereza mfereji wa upana huo huo, wenye kina kidogo chini ya hapo. Nyoosha waya kwa kuuvuta, uingize mferejini, ugonge polepole kwa nyundo ya mbao, na utie supaglu kidogo kidogo. Ncha zikutane pembeni ambapo nyuzi za mti ni nyeusi, ili kiungo kisionekane. Maliza kwa tupa laini na msasa wa mkono, mpaka kidole kisitofautishe shaba na mti. Na tafadhali, uliza shaba imetoka wapi. Nyaya zilizoibwa kwenye nguzo zinaacha mtaa mzima gizani, na hakuna pambo linalostahili gharama hiyo.

10. Shanga, ngozi na hila ya karatasi

Umewahi kukitazama kwa makini kibuyu cha maziwa ya mursik, ile sotet ya Wakalenjin? Kuna ngozi, kuna shanga, kuna simbi, na kila kimoja kina mahali pake. Hilo ndilo darasa lako la upambaji, na halina karo.

Ukitaka kushonea shanga kwenye mdomo wa bakuli, unahitaji matundu yaliyopangika sawa. Hesabu zinakutisha? Hila ni hii: zungusha ukanda wa karatasi kwenye bakuli, ukate ncha zikutane barabara. Ukunje mara mbili, tena, tena, na tena. Mikunjo minne inakupa sehemu 16 zilizo sawa bila kikokotoo! Rudisha ukanda kwenye bakuli, tia alama, toboa kwa keekee ya milimita 2, ukiweka kipande cha mbao upande wa ndani ili mti usimeguke.

Kwa ngozi, tumia ngozi mbichi isiyotengenezwa kiwandani. Iloweshe mpaka ilegee, ishone kwa nguvu ikiwa bado imelowa, kisha iache ikauke kivulini. Itajikaza yenyewe na kushika barabara. Na kama shanga si fani yako, shirikiana na mama anayezishona. Mlipe vizuri, mwandike jina lake kitakoni kando ya lako akikubali. Kazi ya wawili inapendeza, na inauzika.

11. Rangi nyeusi kutoka kikombe cha chai

Huna mpingo? Una chai! Majani yanayotoka Kericho, hapo jirani tu, yamejaa kile kikali kinachokausha ulimi. Kikikutana na chuma kilichoyeyuka, huzaa weusi wa ajabu ndani ya mti wenyewe.

Osha kwa sabuni waya laini wa kusugulia sufuria (ule unaoshika kutu, si ule wa kung'aa milele), uloweke kwenye siki nyeupe kwa wiki moja. Usikaze kifuniko, maana gesi inatoka. Chuja kwa kitambaa. Sasa lowesha bakuli kwa maji, liache likauke, upige msasa vinyweleo vilivyosimama. Paka chai ya rangi iliyokolea kupita kiasi, isiyo na maziwa wala sukari. Ikikauka, paka ile siki ya chuma. Subiri dakika chache na ushuhudie! Mjakaranda mweupe utaingia kijivu, kisha weusi. Rudia ukitaka giza zaidi, kisha futa kwa maji safi.

Hila ya kumalizia: likishakauka, lirudishe mashineni na ukate mikanda miwili mitatu myembamba. Weupe unachungulia kutoka chini ya weusi, na pambo limekamilika bila tone la rangi ya dukani. Weusi si mgeni katika vyombo vya Bonde la Ufa, maana ndani ya sotet hupakwa mkaa wa mti uitwao senetwet tangu enzi. Tofauti ni kwamba hiki chako ni cha kutazamwa, si cha kulia chakula.

12. Nta ya Baringo, mafuta ya duka la dawa

Kwa bakuli la kulia, acha vanishi dukani. Nunua nta ya nyuki kwa wafugaji wa Baringo, wale wale wanaokuuzia asali. Nenda duka la dawa uombe mafuta ya parafini ya kunywa, ambayo hutumika kulainisha choo. Sisitiza neno "ya kunywa," usije ukapewa mafuta taa! Changanya sehemu moja ya nta na sehemu nne za mafuta, kwa uzito. Uyeyushe mchanganyiko huo kwenye kopo lililowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, kamwe si juu ya moto wenyewe. Ikipoa, una krimu laini. Ipake kwa ukarimu, iache usiku kucha, asubuhi futa na usugue.

Mafuta ya kupikia yanakuvutia kwa sababu yapo jikoni? Yaache huko. Mengi huchacha, na bakuli litanuka. Ukichagua mafuta ya kitani, yatakauka yenyewe na kulinda mti vizuri, lakini ogopa kitambaa ulichopakia. Kikikunjwa na kutupwa pembeni kinaweza kujiwasha moto bila kibiriti. Kitandaze wazi nje kikauke, au kizamishe kwenye ndoo ya maji. Usisahau hilo hata ukiwa na haraka.

13. Weka jina, weka bei, tamba!

Kizuri chajiuza, lakini kinauzika haraka zaidi kikiwa na habari zake. Kwa ncha ya chuma cha kulehemu cha umeme, andika kitakoni: aina ya mti, mahali ulipotoka, mwaka na jina lako. "Mathenge, Marigat" ni maneno mawili tu, lakini mnunuzi atakuuliza maswali kumi, na kila swali ni hatua ya kuelekea kwenye mfuko wake.

Ambatanisha kikaratasi cha matunzo: osha kwa mkono, usiloweke, kausha mara moja, paka nta kila ukiona limefifia. Piga picha karibu na dirisha bila flashi. Kisha fikiria watu wanasimama wapi. Kikopey wanasimama kula nyama choma. Naivasha kuna hoteli zinazohitaji mabakuli ya mezani, na tangu Safari Rally iliporudi katika mashindano ya dunia mwaka 2021 na kupiga kambi huko, wageni huja kwa wingi. Bei? Jumlisha vifaa, umeme na kila saa uliyofanya kazi, pamoja na saa za kunoa na kupiga msasa. Usijipunje! Anayepunguza bei ya kazi yake anapunguza pia bei ya fundi mwenzake.

Uanzie wapi leo?

Una saa moja tu jioni hii? Chukua bakuli lolote ambalo tayari lipo na ulitie mistari ya moto, kidokezo cha 7. Una Jumamosi nzima? Kereza gogo bichi la mjakaranda kwa hesabu ya moja kwa kumi, halafu lizike ndani ya maranda yake. Na huku likikauka, loweka waya kwenye siki, pitia kwa fundi wa funguo ukachukue unga wako, na uanze kuzoea kumezea mate nguzo za ua za majirani. Gogo litakapokuwa tayari, nawe utakuwa tayari. Funga nywele, vaa kinga ya uso, washa mashine!